Nafasi moja ya kazi, kuanzia tangazo hadi siku ya mshahara

Kifungu cha 31 cha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, kinamtaka kila mwajiri wa Tanzania Bara mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3 ya wafanyakazi wake. Zanzibar ina sheria yake. Ukipiga hesabu, asilimia 3 ya watu 20 ni 0.6, na kwa kuwa mtu hagawanyiki, hesabu inaanzia mmoja. Ukiwa na wafanyakazi 34 umevuka mmoja kamili, 67 umevuka wawili, na 100 umefika watatu kamili. Kwa biashara nyingi za kwetu, basi, tunazungumzia mtu mmoja, wawili au watatu.

Nimeanza na sheria ili niimalize mapema, maana asilimia peke yake haimfikishi mtu kazini. Waajiri wengi hawana nia mbaya. Wamekwama kwenye swali moja: "Mtu mwenye ulemavu nitampa kazi gani?" Swali hilo ndilo kizuizi cha kwanza, kwa sababu linamtafutia kazi mtu ambaye bado hajulikani. Linaishia palepale kila mara: akae mapokezi, au abuniwe kazi ya kupigia picha, na mkataba ukiisha hakuna anayekumbuka nafasi ile ilikuwa ya nini. Geuza mwanzo. Chukua nafasi ambayo ungeitangaza hata hivyo mwezi ujao, yenye mshahara wake na msimamizi wake, kisha ifuate mwenyewe kutoka kwenye tangazo hadi siku ya mshahara. Kila utakapokwama, mwombaji naye angekwama hapo.

Tuchukue mtunza stoo wa duka la jumla. Kwenye matangazo utasoma "awe mkakamavu, mwenye afya njema, aweze kufanya kazi katika mazingira magumu." Hayo si maelezo ya kazi. Andika anachofanya kweli kwa wiki: anapokea mzigo na kuulinganisha na hati iliyokuja nao, anaingiza idadi kwenye kompyuta, anapanga katoni kwenye rafu, anatoa bidhaa kulingana na oda, na Ijumaa anahesabu stoo na kutafuta upungufu umetokea wapi. Kando ya kila kazi andika dakika zake. Mara nyingi utakuta kuinua katoni hadi rafu ya juu kunachukua sehemu ndogo ya siku, tena hufanywa na vibarua walioshusha mzigo. Hesabu, kompyuta na uaminifu ndivyo vinavyojaza siku.

Mtu anayetumia kiti mwendo ataifanya kazi hii endapo bidhaa zinazotoka kila siku zitakaa kwenye rafu zilizo kati ya sentimita 40 na 120 kutoka sakafuni, njia kati ya rafu na rafu isipungue sentimita 90, na mwisho wa njia kuwe na mahali pa kugeuzia. Zile zinazotoka mara moja kwa mwezi zipande juu. Hata anayetembea kwa miguu yake ataokoa muda kwa mpangilio huo, kwa sababu naye hapandi ngazi mara arobaini kwa siku kufuata sabuni.

Karatasi hiyo hiyo inakuambia pia nani atapata tabu. Kama namba za bidhaa zimechapishwa kwenye katoni tu na hakuna msimbo wa kuskani, mtu asiyeona hataweza kuhakiki mzigo peke yake katika stoo hiyo. Ni bora ulijue mapema kuliko kumweka mahali atakapoonekana hafai. Huenda nafasi yake iko kwenye simu za oda au kwenye uhasibu, palepale kwenye jengo lako.

Tangazo

Matangazo mengi ya kazi siku hizi ni picha inayozungushwa WhatsApp na Instagram. Simu ya mtu asiyeona husoma maandishi kwa sauti, ila picha mara nyingi huitaja tu kuwa ni picha. Tangazo lako linaweza kumfikia asijue linasema nini. Dawa yake ni kunakili maneno yote ya tangazo chini ya picha, kazi ya dakika mbili. Ukiandika "piga simu namba hii" peke yake, umemfungia mlango kiziwi. Ongeza kwamba namba hiyo inapokea ujumbe pia, na uhakikishe yupo wa kujibu.

Kisha pitia masharti. "Awe na leseni ya udereva" kwa mtu atakayekaa ofisini siku tano kwa wiki linamwondoa asiyeona na mwenye kifafa bila sababu. "Afya njema" lifute kabisa. Uzoefu wa miaka mitano utazame upya pia: waombaji wengi wenye ulemavu wana wasifu mwembamba kwa sababu walichelewa kuanza shule, au shule ya karibu haikuwa na mwalimu wa lugha ya alama, au waajiri waliotangulia waliwakataa. Mtihani wa vitendo wa nusu saa utakuonyesha uwezo wa mtu vizuri kuliko idadi ya miaka.

Sentensi ya "watu wenye ulemavu wanahamasishwa kuomba" imekaa kwenye kila tangazo hadi imepoteza uzito. Hii hapa inamwambia mwombaji kwamba umejiandaa: "Ukihitaji mkalimani wa lugha ya alama, chumba cha chini, au kompyuta yenye programu ya kusoma skrini, tujulishe siku tano kabla ya usaili." Halafu lipeleke tangazo waliko watu. CHAVITA ni chama cha viziwi, TLB ni cha wasioona, CHAWATA kina watu wenye ulemavu wa viungo, TAS ni cha watu wenye ualbino, na SHIVYAWATA ni shirikisho la vyama hivi na vingine. Chuo cha Yombo jijini Dar es Salaam kinafundisha ufundi stadi watu wenye ulemavu, na Singida kuna kingine. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako naye huwafahamu watu ambao hawamo kwenye chama chochote. Usisubiri wakufuate.

Chumba cha usaili

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kwenye kifungu cha 7 imetaja ulemavu miongoni mwa sababu ambazo mwajiri haruhusiwi kubagua kwazo. Kwa hiyo "ulipatwa na nini?" na "unaishi na nani nyumbani?" si maswali ya usaili. Uliza kazi: "Kila Ijumaa tunahesabu katoni 300. Wewe ungeifanyaje, na ungehitaji nini?" Waulize waombaji wote swali hilohilo, wenye ulemavu na wasio nao, na jibu lilinganishwe na jibu.

Anapokuja kiziwi, mkalimani asiwe dada yake au rafiki aliyemsindikiza. Ndugu hujibu kwa niaba, hupunguza maneno, na mwombaji hawezi kutaja mshahara anaoutaka mbele ya familia yake. CHAVITA wanaweza kukuelekeza kwa wakalimani. Mpange mapema, mlipe, mtumie maelezo ya kazi siku moja kabla ili ajue istilahi zako. Usaili ukizidi saa moja na ushee, wawe wawili wapokezane kila baada ya dakika 20 hadi 30, kwa sababu mkalimani aliyechoka huanza kuruka maneno bila mwenyewe kujua. Mkalimani akae kando yako, mwombaji akuone wewe na yeye kwa pamoja, dirisha lisiwe nyuma yenu maana mwanga wa nyuma hugeuza nyuso kuwa vivuli. Mtazame mwombaji. Mwambie "ulifanya kazi wapi?" Ukisema "mwulize alifanya kazi wapi", umeshamwondoa kwenye mazungumzo yake mwenyewe.

Kosa jingine la mara kwa mara ni kumpa karatasi ndefu ya Kiswahili au Kiingereza ukidhani umemrahisishia. Kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania, ambayo ina sarufi yake. Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili. Sentensi fupi, zenye kitendo na tarehe, zinafika. Waraka wa kurasa tatu wenye "kwa kuzingatia yaliyotajwa hapo juu" haufiki, na huo hautoshi kuwa ushahidi kwamba mtu hana akili ya kazi.

Kuhusu majina: kilema, kipofu na kiziwi yote yamekaa kwenye ngeli ya vitu, na ndiyo sababu moja ya kusema mtu mwenye ulemavu na mtu asiyeona. Viziwi, hata hivyo, wamelishika jina lao, na limo kwenye jina la chama chao. Wanalokataa ni "bubu". "Zeruzeru" nalo lisisikike kamwe kazini. Ukiwa na shaka, mwulize mwenyewe, au umwite kwa jina lake kama unavyowaita wengine.

Geti, ngazi, choo

Hapa ndipo fedha hutoka, na ndipo fedha hupotea. Njia mteremko, au rampu kama mafundi wanavyoiita, ina kanuni moja: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji sentimita 180. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha 45, na hapo unahitaji mita 5 na sentimita 40. Fundi akikosa nafasi hiyo hufupisha, anatoa mteremko wa mita moja na nusu, na matokeo yake ni kitu ambacho mtu hawezi kukipanda bila kusukumwa, na akishuka anaangukia usoni. Nafasi ikiwa finyu, ipinde njia. Weka kibaraza bapa cha sentimita 150 kwa 150 kwenye kona, kisha endelea upande wa pili.

Kwa ngazi moja ya sentimita 15, upana wa sentimita 120, zege inayotakiwa ni kama sehemu ya sita ya mita moja ya ujazo. Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, mifuko miwili ya kilo 50 inatosha pamoja na plasta ya juu na kingo, endapo mlangoni tayari kuna kibaraza cha kusimama. Kazi ya fundi mmoja na kibarua, siku moja, halafu siku saba za kumwagilia maji bila kupitisha mzigo. Juu yake usiweke vigae. Zege ikiwa bado mbichi ichorwe kwa ufagio mgumu, mistari ikate njia kwa upana, ili gurudumu na fimbo vishike mvua ikinyesha. Pembeni inua kingo za sentimita 10, gurudumu la mbele lisichomoke. Kwa njia ndefu ongeza vishikio vya urefu wa sentimita 90 hivi.

Yanayoharibika baadaye hayatokani na saruji. Njia inaishia kwenye mtaro usio na mfuniko. Bodaboda za wateja zinaegeshwa juu yake. Mlinzi analifunga geti dogo na kuacha wazi lile la magari ambalo lina changarawe. Kwa hiyo, siku fundi akikabidhi kazi, usiipime kwa macho. Mwalike mtu anayetumia kiti mwendo, umlipe muda wake, aanzie barabarani anaposhukia bajaji na afike hadi mezani peke yake. Saa moja ya mtu huyo itakuonyesha kasoro ambazo mchoraji wa ramani hakuziona.

Mlango uwe na uwazi wa sentimita 80 kwa uchache, 90 ikiwezekana, ukipima pale mlango ukiwa umefunguliwa na si fremu kwa fremu. Kizingiti kisizidi sentimita 2. Mashine ya kusaini kwa alama ya kidole wengi huitundika usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Ishushe hadi kati ya sentimita 90 na 110. Na uwe na njia nyingine ya kusaini, kadi kwa mfano, kwa ajili ya asiye na vidole au ambaye alama zake zimefutika.

Choo ndicho kinachoamua kama mtu atadumu. Asipoweza kukitumia, hanywi maji tangu asubuhi, na baada ya miezi michache anaugua au anaacha kazi bila kusema sababu, kwa sababu ni aibu kuisema. Sehemu nyingi za kazi zina vyoo vya kuchuchumaa tu. Hitaji ni kimoja cha kukaa, kiti kiwe sentimita 45 hadi 50 kutoka sakafuni, mlango ufunguke kwa nje, ndani pawe na duara la sentimita 150 la kugeuzia kiti. Vishikio vitengenezwe kwa bomba la chuma la inchi moja, viwe kimo cha sentimita 70 hadi 80, na vizamishwe ukutani kwenye tofali lililojazwa zege. Kishikio kilichofungwa kwa skrubu kwenye kigae kitang'oka siku mtu mzima atakapokiegemea kwa uzito wake wote, na hapo umemletea ulemavu wa pili. Bomba la maji au ndoo na kata viwe mkono unapofika akiwa ameketi. Kisha ufunguo usikae kwa meneja, na chumba kisigeuzwe stoo ya mafagio. Hili la mafagio hutokea karibu kila mahali choo hicho kinapokaa wiki mbili bila mtumiaji.

Usafiri uko nje ya geti lako lakini unaamua mengi. Daladala nyingi hazisimami kwa mwenye kiti mwendo, na zikisimama hudai nauli ya kiti pia. Kuanza kazi saa 3 badala ya saa 1 na nusu, na kutoka baada ya msongamano, hakukugharimu kitu kwa kazi za ofisini. Posho ya bajaji ikihitajika, iandikwe kwenye mkataba.

Kompyuta na zana

Kwa mtu asiyeona, programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, na inaweza kusoma kwa sauti ya Kiswahili. Simu za Android zina TalkBack na za iPhone zina VoiceOver, zote zimo ndani tayari. Gharama ya ziada ni vipokea sauti vya masikioni. Kwa hiyo kikwazo hakipo kwenye kununua. Kipo kwenye mfumo wako wa mauzo au uhasibu. Jaribu hivi: chomoa kipanya, kiweke droo, kisha utoe ankara moja kwa kibodi tu. Ukikwama kwenye kitufe kisichofikika kwa kibodi, mfanyakazi asiyeona atakwama hapohapo kila siku. Tatizo la pili ni vitufe visivyo na jina: macho yanaona alama ya printa, NVDA inasema tu kwamba hapa pana kitufe. Aliyekutengenezea mfumo anaweza kuviwekea majina, na kwa kawaida ni kazi ndogo akielekezwa ni vitufe gani. La tatu ni nyaraka zilizoskaniwa. Barua iliyopigwa muhuri na kuskaniwa ni picha, haisomeki vizuri. Tuma faili lenyewe la maandishi pamoja nayo.

Mwenye uoni hafifu, wakiwemo watu wengi wenye ualbino, huhitaji skrini kubwa iliyo kwenye mkono unaovutika karibu na uso, na kikuzaji kilichomo ndani ya Windows, ambacho hufunguka kwa kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha. Meza isielekee dirisha. Kwa mtu mwenye ualbino jua ni suala la uhai, kwa sababu ngozi isiyo na rangi ya kuikinga hupata saratani kwa urahisi. Asipangiwe kazi ya nje kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri. Ikimlazimu kutoka, nguo za mikono mirefu, kofia pana pande zote, na losheni ya kukinga jua ipakwe dakika 20 hadi 30 kabla na irudiwe kila saa mbili. Losheni hiyo inatengenezwa hapahapa nchini, katika hospitali ya KCMC, Moshi. Iweke kwenye bajeti ya vifaa vya usalama kama unavyoweka glovu na buti.

Kiwandani, viziwi mara nyingi hupelekwa kwenye mashine zenye kelele kwa hoja kwamba "wao hawasumbuki". Ni kosa. Wengi wana usikivu uliobaki, na kelele huumaliza. Wapewe vikinga masikio kama wengine. Kinachobadilika ni namna ya kutoa taarifa. King'ora kifungwe pamoja na taa kali inayowaka na kuzima, ionekane kutoka kila kituo cha kazi na chooni pia, maana chooni ndipo mtu huwa peke yake. Foklifti iwe na taa ya kumulika sakafuni mbele yake, kwenye kona kuwe na vioo mbonyeo, na njia ya watu ipakwe rangi. Mpangie mwenzake wa zamu moja na mwenzake wa akiba, wote wawe na jukumu la kumgusa bega na kumtoa nje moto ukitokea. Mazoezi ya kutoka yafanywe naye, sio aambiwe baadaye.

Kwa mwenye ulemavu wa akili, badilisha zana kabla ya kubadilisha mtu. Kufungasha sabuni 12 kwenye katoni kunataka kuhesabu. Ukitengeneza trei yenye nafasi 12, kazi inakuwa kujaza nafasi zote na kumimina. Hatua zibandikwe kwa picha, moja moja, kushoto kwenda kulia. Mfundishe hatua ya kwanza hadi izoeleke ndipo uongeze ya pili, na usibadilishe kituo chake bila kumwandaa. Trei ile itapunguza makosa ya kila mtu kwenye mstari.

Msimamizi

Jengo likishakaa sawa, anayebaki ni msimamizi wa moja kwa moja. Mkurugenzi anaweza kutia saini sera nzuri sana, na msimamizi akaiua kwa wiki mbili, ama kwa ukali au kwa huruma. Huruma ndiyo ngumu kuigundua. Anampa kazi nyepesi, hamkosoi, anamruhusu aondoke mapema, na miezi sita ikipita anasema huyu hazalishi. Katika kipindi cha matazamio mpe malengo ya wenzake, kaeni kila wiki dakika 15, mwambie palipopungua na muulize kilichokwamisha. Kama ni kifaa au mpangilio, rekebisha. Kama ni uzembe, mwambie ni uzembe, na taratibu za nidhamu zimfuate kama mwingine yeyote. Kumwogopa kumwambia ukweli ni kumnyima nafasi ya kupanda cheo.

Mfanyakazi akiwa kiziwi, wafundishe wenzake alama 40 hivi za kuanzia za lugha ya alama: salamu, majina, vifaa vya kazi, hatari, simama, mapumziko, mshahara. Mwalimu awe kiziwi mwenyewe. Iringa kuna Neema Crafts, karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Kwenye mgahawa wake wahudumu ni viziwi na mteja huandika oda kwenye karatasi. Mteja anajifunza namna hiyo kwa dakika moja na chakula kinafika. Mombasa, karakana za Bombolulu zimekuwa zikitoa kazi kwa watu wenye ulemavu tangu 1969. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha kiwango cha kazi, lakini sikubali zitumike kama kisingizio. Karakana maalumu haiwezi kubeba watu wote wanaotaka kazi. Kazi nyingi ziko kwenye maduka, viwanda, hoteli na ofisi za kawaida.

Tayari unaye

Waajiri wanaosema hawajawahi kuwa na mfanyakazi mwenye ulemavu wanasahau dereva aliyepata ajali, mpishi mwenye kisukari aliyekatwa mguu, mhasibu ambaye macho yanafifia na anaficha. Kumbakiza mtu anayeijua kazi ni rahisi kuliko kutafuta mgeni. Aliyeumia kazini taarifa yake ifike Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao pamoja na fidia huhusika na utengamao, yaani kumrudisha mtu kwenye uwezo wa kufanya kazi. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinamtaka mwajiri atazame njia mbadala kabla ya kuachisha mtu kwa sababu ya ugonjwa au jeraha: kazi ileile ikirekebishwa, au kazi nyingine. Jeraha likiwa la kazini, wajibu huo ni mzito zaidi.

Fanya hivi: ndani ya wiki mbili za kwanza mtembelee, ukiwa na karatasi ile ya kazi na dakika zake. Pitieni mstari kwa mstari, aseme kipi anakiweza leo, kipi baada ya mazoezi, kipi hapana. Arudi kwa saa nne kwa siku, kisha sita, kisha nane, na muda wa kliniki uandikwe kwenye ratiba. Ukimwacha nyumbani miezi sita bila neno, kwanza atapoteza kujiamini, na hicho hakirudishwi kwa fidia.

Mwisho wa mwezi

Mshahara ulingane na wa mwenye cheo kilekile, na marekebisho uliyoyafanya yasikatwe humo. Rampu ni ya jengo, mkalimani ni gharama ya usaili na vikao, losheni ni kifaa cha usalama. Hati ya malipo aipate kwa njia anayoweza kuisoma mwenyewe: faili la maandishi kwa asiyeona, herufi kubwa kwa mwenye uoni hafifu. Asilazimike kumpa mwenzake simu amsomee amelipwa kiasi gani. Kama mnalipa kwa simu, jueni kwamba menyu za namba hujifunga baada ya sekunde chache, kabla programu haijamaliza kuzisoma, na hapo ndipo watu huombwa namba za siri na kuibiwa. Akaunti ya benki yenye programu ya simu inayosomeka kwa sauti ni salama zaidi. Ijaribuni pamoja, siku chache kabla ya mshahara wa kwanza, kwa kutuma shilingi elfu moja na kuangalia kama mwenyewe ameuona ujumbe na amejua salio lake bila kumwuliza mtu.